Bati la Buluu, Bati Jekundu

4 Juni

Mke wa mwanangu,

Barua yako nimeipata, imekunjwa vizuri kama foronya. Mwandiko nao mzuri, mdogo mdogo, kama wa mtu anayeogopa karatasi itamwishia. Ndivyo mnavyozoeshwa huko maktaba, nadhani, mahali ambapo mtu akikohoa anatolewa nje.

Unasema likizo hii mnakuja, wewe na Chuma wangu na Kidoti, mtalala kwangu siku chache, na mnataka niwachagulie "matembezi yenye mandhari nzuri." Hilo neno mandhari nimelisoma nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Watu wanapanda basi kutwa nzima, wanalipa nauli, ili waje kuchokea kwetu! Mimi nimechokea hapahapa maisha yangu yote na hakuna aliyenipiga picha.

Haya, umeuliza, nakujibu. Mimi nafua mashuka ya nyumba ya wageni, kwa hiyo hao watembeaji nawajua kwa mashuka yao kabla sijaziona sura. Aliyezunguka bwawa shuka lake linarudi jeupe, limejikunja kidogo tu, kama la mgonjwa. Aliyekwenda maporomoko, shuka lina unyevu na majani. Aliyepanda Kipara, udongo mwekundu mpaka kwenye foronya, na anaomba maji ya moto kwa sauti ya mtu aliyefanya kitu. Huyo namfulia kwa moyo mmoja.

Basi mtapanda Kipara. Kwenye picha umekiona, kile kilima kisicho na nywele juu. Chuma alikipanda akiwa mdogo kuliko Kidoti, ndoo ya maji kichwani, na hakutua. Ndiyo sababu anaitwa Chuma. Jina nilimpa mimi. Baba yake mtaani walimwita Pamba, na jina hilo nalo nilimpa mimi.

Hiyo njia ya bwawa unayoiulizia, yenye mabenchi, waachie wastaafu. Mtu mwenye miguu yake miwili haendi kuzunguka maji kama bata.

Mwambie Chuma kitanda chake nimekitengeneza. Misumari nimepigilia mwenyewe. Imepinda ikalala yote, kama kawaida yangu, lakini haitoki.

Mama yake Chuma


11 Juni

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini cherehani inakwenda na sare za shule hazijakumaliza mgongo. Kitambaa cha maua kilichokuja na mzigo wa juzi ni kile ulichokishika dukani ulipokuja kwetu, ukakirudisha. Shona gauni lako, usishone la mtu mwingine.

Nakuandikia jambo, na mume wangu hajui kama nakuandikia. Moyo wake umeharibika. Ulianza kwa miguu kuvimba, tukadhani ni kusimama kutwa kwenye mashine ya uchapaji. Sasa daktari anasema moyo umetanuka na unapiga kwa shida. Anaruhusiwa kutembea, ila penye tambarare, polepole. Ngazi za nyumbani kwetu anapumzika katikati, anajifanya anatafuta funguo mfukoni. Kidoti amezoea, anamwambia, "Baba, funguo ninazo mimi."

Daktari alimshauri aende mahali penye hewa nzuri. Akasema basi, twende kwa Mama.

Ila hataki Mama ajue. Ameniapisha. Anasema baba yake alipolazwa na kifua, Mama alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Amka, mwanamume halali mchana." Siku ya mwisho pia alisema hivyohivyo, na mtu alikuwa ameshakata roho. Mume wangu alikuwa mtoto, amejibanza chini ya meza, akisikia. Anasema bora aanguke njiani kuliko kuambiwa maneno hayo.

Kwa hiyo nimemwomba Mama njia nyepesi kana kwamba mvivu ni mimi. Anitukane mimi, nimeshazoea. Lakini amekataa. Anataka tupande Kipara. Wewe ndiye mdogo wake pekee. Mbembeleze akubali bwawa, ila sababu usimwambie. Niapie, Mama mdogo.

Mkweo


19 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu. Msimu wa sare umeanza, nashona kaptula mpaka nikilala naota mifuko.

Nasikia watoto wanakuja. Nakuomba jambo moja, na usinirukie kabla hujamaliza kusoma. Waache wazunguke bwawa. Likizo ni yao. Chuma si yule mtoto wa ndoo, ni baba wa mtu, amesimama kwenye mashine miaka yote hii, anataka kupumzika. Mwache mkewe achague. Ukitaka Kipara kipandwe, kipande wewe, maana una magoti ya mbuzi.

Nakubembeleza, Dada. Mara moja tu nisikilize bila kuniuliza kwa nini.

Mdogo wako


20 Juni

Mama,

Shikamoo. Asante kwa barua. Mwanao ameisoma kwa sauti mezani, na alipofika kwenye bata Kidoti alicheka mpaka akapaliwa.

Nakuomba radhi, Mama, mimi si mtu wa kupanda. Pumzi yangu ni fupi na magoti yangu ya kukaa kitini. Nimesoma kijitabu cha njia tulicholetewa hapa maktaba. Kinasema njia zote zinaanzia nyuma ya nyumba ya wageni, halafu kwenye njia panda kuna miti miwili mikubwa. Mti wa kushoto una bati la buluu, ndiyo njia ya bwawa. Mti wa kulia una bati jekundu, ndiyo ya Kipara. Sisi tutafuata la buluu. Kama utapenda kutusindikiza tutafurahi sana.

Mkweo

Mama, shikamoo. Ni mimi niliyetaka bwawa, si yeye. Usimgombeze. Chuma wako.


28 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimemaliza kusoma, sasa nakurukia.

Nani kakwambia wanakuja? Mimi sikukuandikia. Unadhani sijui? Habari za kitambaa cha maua zimenifikia, umemwonyesha kila anayepita dukani kwako. Kumbe gauni moja linakununua! Ningejua bei yako ni maua, ningekuchumia mimi barabarani.

Huyo Bibi Maktaba kaniandikia eti pumzi yake fupi. Ulimi mrefu wa kuandika, pumzi fupi ya kutembea. Anasoma njia kitabuni! Mimi namwambia njia ilivyo, yeye ananijibu kijitabu kimesema. Na chini kabisa Chuma kaongeza mstari, eti yeye ndiye aliyetaka bwawa. Mwandiko wake, maneno ya mke. Kamkalisha, kamwekea kalamu mkononi.

Wewe una cherehani, hujui maana ya kulea mwanamume. Mimi nimemlea huyu huku Pamba amelala ndani anakohoa. Nimeshamwona mwanamume mmoja akiyeyuka kitandani kama sabuni kwenye maji. Wa pili hayeyuki mimi nikitazama. Kama yule mwanamke anamzoesha mabenchi, mimi nitamtoa kwenye benchi.

Halafu kuna huyu muuza mkaa, jirani yangu. Mwanawe alikuja likizo iliyopita na mkewe, wakapanda Kipara, wakasimama juu wakapunga shati. Mtaa mzima ulitoka nje kutazama. Mpaka leo nikianika mashuka anapitisha kichwa uani, "Mama Chuma, na wako anakuja lini kupunga shati?" Nimeshamjibu, mwezi wa saba.

Watapanda. Usiniulize vipi.

Dada yako


5 Julai

Dada,

Gauni nimelivaa leo makusudi ili nikuandikie nikiwa nalo mwilini.

Usimpandishe yule mtoto Kipara. Nimesema usimpandishe. Siwezi kusema zaidi, nimefungwa mdomo, na si kwa kitambaa. Lakini wewe mtu akikwambia nyumba inaungua unamuuliza kwanza ametumwa na nani. Ndivyo ulivyonifanyia nilipokwambia Pamba anaumwa kweli. Ukasema ni uvivu wa ukoo wao. Ukaniambia nirudi kwenye sindano zangu.

Haya. Nimerudi kwenye sindano zangu. Sitakuandikia tena mpaka uniombe radhi, na nakujua, hutaniomba, kwa hiyo tusalimiane kwa midomo ya wapita njia.

Mdogo wako


17 Julai

Mdogo wangu,

Umesema hutaandika. Hukusema hutasoma.

Wamefika. Chuma amekonda, uso umekuwa wa rangi ya jivu la baridi. Chakula cha maktaba hicho. Mwanamke kashuka kwenye basi na mizigo yote, mmoja kichwani, mmoja mkononi, na wa tatu kamfunga Kidoti mgongoni, huku mwanangu anatembea mikono mitupu kama mkaguzi. Mbele ya muuza mkaa! Nikamuuliza, "Mkwe wangu wewe, unataka mtaa uone mwanangu hana mikono?" Akasema, "Samahani, Mama," akaendelea kubeba. Kisirani cha kimyakimya, hicho ndicho kibaya zaidi.

Na Chuma analala mchana. Jana nimemkuta kajinyoosha kitandani jua liko utosini. Nilifungua mdomo, yule mwanamke akakimbia kutoka uani, povu mikononi, akasimama kati yangu na mlango, akaniuliza kama nina chumvi. Chumvi! Alikuwa anafua.

Sasa sikiliza ucheke, maana najua umenuna. Jana jioni wameketi barazani, nikasema naenda kuanua mashuka. Kwenye kapu nikaweka nyundo. Nikaenda mpaka pale njia panda, nikang'oa bati la buluu, nikang'oa jekundu, nikayabadilisha. Vibati vyenyewe vidogo kama vifuniko vya sufuria. Sasa buluu inaita kulia. Misumari imelala kama kawaida, lakini imeshika.

Yeye si anasoma? Asome.

Chuma hatagundua. Alipokuwa mtoto tulipitia upande wa chini. Hii njia ya kulia wameikata watu wa halmashauri yeye ameshaondoka. Na mwanzo wake ni tambarare, unapita kwenye miti, ungeapa unaelekea majini. Ikianza kupanda umeshafika mbali, kurudi ni aibu. Huko mbele hakuna bati lingine mpaka juu.

Kesho mimi natangulia. Nimewaambia naenda kupeleka mashuka. Nitakaa juu kwenye lile jiwe bapa, nimwone Bibi Maktaba akija anatambaa, na Chuma wangu mbele yake amenyooka kama alivyokuwa. Atanishukuru. Shati jeupe nimempigia pasi mwenyewe, la kupunga.

Dada yako


2 Agosti

Wewe,

Ulijua.

Yule mwanamke kaniambia mbele ya gari lililombeba mwanangu kwamba wewe ulijua tangu mwezi wa sita. Uliniandikia barua mbili. Umepata nafasi ya kuniandikia habari za kaptula, na nafasi ya gauni, na nafasi ya magoti ya mbuzi. Neno moyo likakushinda. Hata mimi na darasa langu moja naliandika, hilo hapo.

Wamemzika mjini kwao. Mimi nimeambiwa nisije. Wewe nasikia ulikwenda, ukawekewa kiti cha mbele.

Usikanyage kwangu.

Mama yake Chuma


10 Agosti

Dada,

Nilijua. Kwanza nilinyamaza kwa sababu niliapa. Baadaye nilinyamaza kwa sababu ulinikasirisha. Hiyo ya pili ni yangu, nitakufa nayo, huna haja ya kunikumbusha.

Lakini nyundo haikuwa kwenye kapu langu.

Nilikwambia usimpandishe. Nimeandika mara mbili kwenye mstari mmoja, tena kwa herufi kubwa kubwa ili usihangaike. Darasa lako moja linasoma moyo, usimpandishe halisomi?

Ulimtaka wa chuma tangu amezaliwa. Umempata. Hakupinda mpaka mwisho.

Gauni nimelichana, nafunikia cherehani.

Mdogo wako


21 Agosti

Mama,

Shikamoo. Barua zako za kila wiki zimefika zote. Unauliza kwa nini nilifuata bati kama ng'ombe, kwa nini sikumgeuza, na alisema nini njiani. Nakujibu mara moja ili nisijibu tena.

Mimi ndiye niliyeliona bati la buluu, nikaelekea kulia. Yeye alisimama. Akasogea kwenye mti akashika msumari kwa kidole. Ulikuwa umelala. Akacheka kile kicheko chenu cha puani, akasema, "Huyu ni Mama. Ameyabadilisha."

Nikamwambia haiwezekani, kijitabu kimesema buluu ni bwawa. Akasema bwawa liko kushoto, ameogelea humo utoto wake wote, na hata wakate njia namna gani kilima hakijahama. Nikasema vizuri, twende kushoto. Akatazama juu. Akasema, "Yuko kule ananingoja. Nikienda bwawani nitakuwa Pamba mpaka kufa kwangu."

Nilimsihi, Mama. Nilimshika shati, lile ulilolipiga pasi. Akaniomba nimwachie, kwa sababu wewe kutoka juu unatuona.

Ndiyo maana tulisimamasimama kwa hila. Kila alipoishiwa pumzi alimwita Kidoti amwonyeshe kitu. Kule upande wa chini, kwenye njia yenu ya zamani, mti alipoanguka akavunjika jino. Jiwe alipotua ndoo yake, maana alitua, Mama, alitua kila siku, akaninong'oneza nisikwambie. Kidoti mpaka leo anasema ile ndiyo siku baba yake aliyofurahi kuliko zote, kwa sababu hajawahi kumsimulia mengi hivyo.

Tulisikia sauti yako kutoka juu. "Mvute huyo mwanamke, Chuma! Mbebe kama ndoo!" Akainua mkono akakupungia. Mkono wangu ulikuwa kiunoni mwake, nikimsukuma. Wewe ulidhani nimejining'iniza.

Alifika. Akakuamkia. Ukamwambia avue shati apunge, muuza mkaa anatazama. Akavua, akapunga. Halafu akakaa kwenye jiwe, akajilaza ubavu. Ukamwambia, "Amka, mwanamume halali mchana." Ulisema ukicheka, sitakusingizia. Ukasema tena. Mara ya pili ulikuwa hucheki tena, lakini ulisema.

Umeandika kwamba nilipaswa kukwambia. Ni kweli. Nilikuogopa wewe kuliko nilivyouogopa ugonjwa, na sasa naona hesabu yangu ilikuwa sawa.

Hatutakuja tena. Barua zako sitazirudisha. Yeye alikuwa akizisoma kwa sauti mezani, tukicheka wote watatu. Mimi nazisoma kimya.

Mkweo


9 Septemba

Mke wa mwanangu,

Barua yako nimeisoma uani, mchana, mbele ya muuza mkaa, ili nisije nikafanya upuuzi. Alitaka kunipa pole. Nimemwambia akauze mkaa.

Una adabu mno wewe. Shikamoo, Mama, asante, Mama, samahani, Mama, kila barua, kama mtu anayepangusa kisu kabla hajakiingiza. Nitukane! Ungekuwa na ulimi ungenitukana mwezi wa sita. Ungesema, kizee wewe, mwanao anaumwa, funga domo. Ningekasirika, ningevunja sahani, ningekusema kwa mtaa mzima, na Chuma angekuwa anazunguka maji kama bata. Hilo nakulaumu na nitakulaumu nikiwa kaburini. Mdogo wangu namlaumu. Na yeye mwenyewe namlaumu. Mtoto gani mwenye akili anaona msumari wa mama yake, anaujua, halafu anapanda? Nani kamfundisha kunitii hivyo?

Usinijibu hilo.

Kwamba alikuwa anatua ndoo, nilijua. Nilikuwa namwona kutoka chini. Nilimwita Chuma hivyohivyo.

Mabati nimeyarudisha. Halmashauri walimtuma mtu na nyundo mpya, nikamfukuza, nikafanya mwenyewe. Msumari wa bati la buluu umelala. Nikaung'oa nikaupiga upya, ukalala. Nimejaribu mpaka gome la mti limechubuka. Hauwezi kusimama mkononi mwangu.

Halafu, kwa vile nilikuwa palepale na nyundo yangu kama mwehu, nikaenda kushoto. Bwawa hilo sikuwahi kulizunguka, mimi niliyezaliwa hapa. Nilikuwa nachota maji tu. Ni tambarare yote. Lina kivuli. Mabenchi wameyaweka kwa akili, ukianza tu kuwaza kukaa, benchi hilo hapo. Kuna mahali maji yana rangi mbili, na ndege weupe wamesimama kwa mguu mmoja kama wamesahau walichofuata. Nilikaa. Nikasinzia, mimi, mchana kweupe, mdomo wazi. Watu wakapita. Hakuna aliyeniambia amka.

Ni njia ya wavivu. Ni nzuri. Hiyo ndiyo mandhari, nadhani, lile neno lako.

Mwambie Kidoti likizo ijayo aje. Wewe si lazima. Au njoo, ubebe mizigo yako yote, sitasema kitu. Njia nimeshamchagulia. Tutazunguka bwawa, yeye mbele, mimi nyuma, akichoka tunakaa. Asivae viatu vipya, vinauma.

Mama yake Chuma


30 Septemba

Mama yake Chuma,

Barua yako imefika. Kidoti ameisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, kama alivyokuwa akisoma baba yake.

Ameuliza jambo moja tu. Anataka kujua bati la buluu leo liko upande gani, na kama Bibi atakwenda kupeleka mashuka siku hiyo.

Mwandikie mwenyewe.

Mke wa mwanao